Sili ya Boti ya Daeseong: Maisha ya Bang Du-yeol, 1967–2024

Bang Du-yeol alizaliwa tarehe 3 Machi 1967 katika kijiji cha Hwagok, kisiwa cha Dalmok, mtoto wa tatu wa mzee Bang Chi-sam, mvuvi wa pweza, na mama Seo Kkeut-nye. Wawili waliomtangulia walikufa wachanga. Kwa sababu hiyo mama yake alimfunga kamba kiunoni mpaka alipotimiza miaka minne, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya baraza, asije akafika gatini akazama. Kamba ilipofunguliwa alikwenda gatini moja kwa moja, na tunaweza kusema hakurudi. Wengi mliokaa hapa mlimkuta gatini, na wengi mlimwacha hapo hapo.

Kwa miaka minane na miezi tisa kisiwa hiki kilimwita fundi aliyegeuza sili ya mashine akaua mtu. Hakuigeuza. Jambo hilo litaelezwa hapa mahali pake, pamoja na mengine ya maisha yake, kwa kuwa alikuwa na mengine.

Alianza Shule ya Msingi ya kijiji mwaka 1974 akamaliza mwaka 1980. Ripoti yake ya darasa la nne ipo mpaka leo. Mwalimu aliandika: "Ana adabu. Anafungua vitu ili aone ndani." Kilichofunguliwa mwaka ule ni saa ya ukutani ya shule, ambayo ilikuwa imesimama miaka miwili. Alichapwa Jumatatu. Jumatano saa ikaanza kwenda, na ikaendelea kwenda mpaka shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Hakuna aliyemwomba radhi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 alianza shule ya kati huko Mokpo, lakini baba yake aliumia mgongo, na baada ya miezi saba kijana akarudi kuvuta mitego ya pweza. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Mwaka 1988 aliitwa jeshini, akapangwa katika karakana ya boti ndogo za jeshi la majini. Alipotoka mwaka 1990 alifanya kazi ya ufundi msaidizi Mokpo kwa miaka minne. Tarehe 9 Mei 1994 alifungua karakana yake mwenyewe hapa Hwagok, nyumba ya mabati yenye milango miwili. Mlango wa mbele unatazama gati, na anayeingia kwa huo huonwa na kijiji kizima. Mlango wa nyuma unatazama shamba la vitunguu saumu, na anayeingia kwa huo haonwi na mtu, isipokuwa mke wa fundi anayepalilia.

Kwa ndugu waliotoka Seoul na Gwangju, ambao hawaijui kazi hii: mashine huning'inia nyuma ya boti na mguu wake huzama majini. Ndani ya mguu kuna gia zinazooga katika oili. Shafti hutoka humo kwenda kuzungusha rafadha inayoisukuma boti, na inapotokea pana tundu. Tundu hilo huzibwa na sili, pete mbili za mpira zinazoenea kwenye kiganja cha mtoto. Hukaa mgongo kwa mgongo. Moja mdomo wake hutazama ndani, oili isitoke. Nyingine hutazama nje, bahari isiingie. Marehemu aliwaambia wateja, "Ni mume na mke walionuniana. Wamepeana migongo, lakini mwizi hapiti." Ukizigeuza, maji huingia, oili hugeuka nyeupe kama makgeolli, pombe yetu ya mchele, gia hukwama, na boti hubaki katikati ya bahari kama sufuria tupu.

Alikuwa na namna yake. Baada ya kuweka sili mpya aliujaza mguu wa mashine upepo kwa pampu, akauzamisha kwenye beseni la maji, kisha akakaa kutazama. Zamani alitazama kwa muda wa sigara moja. Alipoacha sigara mwaka 2004 alitazama kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisa, beti zote nne. Kikitoka kiputo kimoja, hata ubeti wa nne, alifungua akaanza upya. Sauti yake haikuwa nzuri. Mchungaji anajua, maana alimhamisha kutoka kwaya kwenda kutunza jiko la kupashia moto.

Beseni lenyewe ndilo lililomletea mke. Mnamo Novemba 1996 aliitwa ng'ambo ya kisiwa, kwa mzee Tak wa chaza, mashine ikivuja. Hakuwa na cha kuizamishia. Ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi ya mwaka, na uani palikuwa na beseni jekundu la mpira limejaa kabichi za chumvi. Alizitoa kabichi akazipanga vizuri juu ya jamvi, akatumbukiza mguu wa mashine.

"We kijana! Hilo beseni la kabichi!" mama mwenye nyumba alipiga kelele.

"Mama, dakika mbili tu."

"Dakika mbili wewe, harufu ya oili miaka miwili mimi! Nani atakula kimchi inayonuka mashine?"

"Mimi, mama."

Binti wa nyumba, Mi-ran, aliyekuwa anapaka pilipili, alicheka mpaka pilipili ikamwingia jichoni. Mama yake hakucheka. Alimpelekea fundi mtungi mzima wa kimchi ile. Fundi aliila mpaka Machi, siku baada ya siku, bila neno. Mwezi wa nne alipokuja kuposa, mama alimwambia mumewe, "Mpe. Mtu aliyekula kitu kile akanyamaza, ataweza kuishi na binti yako." Walifunga ndoa tarehe 15 Novemba 1997 katika kanisa hili, na beseni likaja pamoja na vyombo vya bibi harusi. Kunyamaza kwake kulimpatia mke. Kulikuja kumnyang'anya karibu kila kitu kingine. Tarehe 22 Agosti 2000 walijaliwa binti yao wa pekee, Seulgi, anayewasomea maneno haya.

Sasa mwaka 2016.

Ijumaa tarehe 5 Februari, siku tatu kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, marehemu aliweka sili mpya kwenye mashine ya boti iitwayo Daeseong. Boti hiyo ni ya mwenyekiti wa ushirika wa mwani, na mwendeshaji wake alikuwa mdogo wa mwenyekiti, Pyo Gwang-ho. Gwang-ho alikaa pale pale juu ya ndoo akisubiri. Mke wa marehemu alikuwepo akifuta spana. Mguu ulizama kwenye beseni, beti nne zikaimbwa, na kiputo hakikutoka.

"Kaka Du-yeol," Gwang-ho alisema akiibeba mashine begani, "kwa kuimba kule, mashine itazima kwa aibu."

"Ikizima uirudishe, nitaiimbia tena."

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Jumanne tarehe 16 Februari, saa nane mchana, maji yakipwa kwa kasi na upepo wa kaskazini ukivuma, mashine ya Daeseong ilikwama nje ya nyavu za mwani. Boti ikageuka ubavu, ikapigwa na mawimbi karibu na miamba, ikapinduka. Gwang-ho alipatikana kesho yake. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla hajazikwa kisiwa kilishasema: fundi alikuwa na haraka ya sikukuu, aligeuza sili. Kila aliyelisema aliongeza kwamba lisemwalo lipo.

Tarehe 18 mashine ililetwa karakana. Marehemu aliifungua peke yake, mkewe akikinga beseni chini. Oili ilitoka nyeupe. Alichomoa sili kwa bisibisi, polepole, akazilaza juu ya kitambaa. Zilikuwa zimekaa mgongo kwa mgongo, kama alivyoziweka. Lakini midomo yake ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama kisigino cha mtembea peku. Kile kiwaya chembamba kinachoubana mdomo wa mpira kilikuwa kimelika, kimebaki vipande. Shafti ilikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mshipi wa kuvulia ukiingia kwenye sili huikata, mkato mmoja safi. Hii haikukatwa. Ilitafunwa.

Hakuna mtu wa Hwagok anayehitaji kuambiwa ni kitu gani hutafuna hivyo. Wageni wetu waambiwe. Nyavu za mwani huota majani mabaya, na kuna dawa iliyoruhusiwa kuyaondoa, na kuna tindikali kali iliyokatazwa, ambayo hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Nyavu hupitishwa kwenye birika la tindikali hapo botini. Doria ikionekana kwa mbali, birika humwagwa nyuma ya boti, juu ya mashine inayonguruma, ili rafadha isambaze tindikali kabla ya doria kufika. Ni ujanja wetu sisi wa kisiwa hiki, na msituulize tuliufundishwa na nani. Tindikali hiyo humiminikia mguu wa mashine siku baada ya siku. Sili ya kukaa mwaka haimalizi wiki mbili.

Tarehe 20, saa sita mchana, watu wakiwa mezani, mwenyekiti wa ushirika aliingia karakana kwa mlango wa nyuma. Ni yeye huyo huyo mwenyekiti wa leo. Mke wa marehemu alikuwa nje ya mlango akimenya vitunguu saumu, na alisikia kila neno.

"Du-yeol, mdogo wangu. Umefungua?"

"Nimefungua, kaka."

"Umeona nini?"

"Nimeona mlichomwaga."

Mwenyekiti aligeuka akautazama mlango. Kisha akasema, "Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Ukiwaambia hivyo, leseni ya kijiji inafutwa. Kaya arobaini na moja. Nyavu zote zinang'olewa."

"Na Gwang-ho?"

"Gwang-ho ni mdogo wangu, si wako. Usinifundishe kumlilia."

"Sawa. Sasa unataka niseme nini?"

"Sema ulikuwa na haraka ya sikukuu, ukaigeuza. Fundi akikosea ni binadamu. Kijiji kikikosea ni kesi."

"Na tindikali?"

"Imekwisha leo. Naapa kwa kaburi la mama. Msimu ujao hutaona hata pipa moja."

Hapo mke wa marehemu aliingia, kisu cha vitunguu bado mkononi. "Mwenyekiti, na mwanangu? Ataendaje shule akiitwa mtoto wa muuaji?"

"Mama Seulgi," mwenyekiti alimjibu kwa upole sana, "watu husahau."

Baada ya mtu yule kutoka, marehemu alikaa mbele ya mashine mpaka chakula kikapoa. Mkewe alimwambia kwamba hana deni kwa kijiji. Alijibu kwamba anazijua zile kaya arobaini na moja, anaijua kila mashine na kila mtoto, na kwamba jina moja ni jepesi kuliko nyavu zote. "Nikibeba mimi, tindikali inakwisha," alisema. "Basi si hasara." Alikuwa anaamini hivyo kweli. Jumatatu tarehe 22 Februari aliandika kwa mkono wake kwamba sili aliigeuza, akagonga muhuri. Alifungiwa kazi mwaka mzima, na kibao cha karakana kikashushwa. Alikishusha mwenyewe. Aliowatafuta wamsaidie kushika ngazi walikuwa na shughuli.

Kesho yake alikwenda kumwinamia mjane wa Gwang-ho, Mama Dong-jun. Mjane alimtupia chumvi langoni, kama inavyotupwa kufukuza mkosi. Alirudi nyumbani chumvi ikiwa kwenye nywele. Mkewe alipotaka kumpangusa, aliuzuia mkono wake. "Iache," alisema. "Ana haki."

Watu hawakusahau. Seulgi alikuwa na miaka kumi na mitano, na katika feri ya shule watoto walimbatiza jina la Kinyume. "Kinyume, kaa nyuma mbele! Kinyume, umevaa viatu sawasawa?" Alirudi nyumbani akamuuliza baba yake kama ni kweli. Marehemu alisema ni kweli. Mkewe alikuwa anapakua wali. Aliendelea kupakua. Kati ya vitu vyote alivyonyamazia katika nyumba ile, hicho ndicho kilichomkaa kooni mpaka leo.

Mashine za kijiji zilianza kupelekwa Mokpo, kwa feri ya saa mbili na foleni ya wiki. Ndiyo maana uchungu wa watu ulidumu mpaka Desemba tu. Desemba 2016, saa sita mchana, mashine ya kwanza iliingia kwa mlango wa nyuma ikiwa imefunikwa blanketi. Marehemu aliifungua. Sili ilikuwa imetafunwa, kiwaya kimelika, shafti ina ndui. Alilipindua beseni akalikalia.

"Hata msimu mmoja," alisema.

"Mrudishie mashine yake," mkewe akamwambia.

"Nikimrudishia, kesho atakwenda nayo hivyo hivyo. Nimeshamzika mmoja."

Akaitengeneza. Aliitengeneza na iliyofuata, na zote zilizofuata. Kwa kuwa shafti zilikuwa zimelika pale sili inapokaa, alizikalisha sili mpya nje kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, midomo yake ipite penye chuma kizima. Aliwaambia wenye boti wasingoje mwaka, waje kila baada ya siku kumi. Asiyekuja alimfuata nyumbani kwake. Walifungua mlango kidogo, wakachungulia njia, ndipo wakamsikiliza. Walipokuja kuchukua mashine walikuwa na utani wao. "Fundi, leo usigeuze!" Wakacheka, na yeye akacheka nao. Wakatoka walikoingilia. Mwaka wa kufungiwa ulipokwisha hakukirudisha kibao juu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kukitazama.

Tangu Gwang-ho, misimu minane, hakuna boti ya Hwagok iliyokwama baharini. Katika sala za shukrani za kila mwaka jambo hilo liliitwa neema. Neema ipo. Lakini ilikuwa pia na mikono, na mikono hiyo ilikuwa na nyufa zisizopona, maana mabaki ya tindikali humo ndani hayabagui mpira na ngozi.

Kila sili aliyoichomoa hakuitupa. Aliifunga kwa karatasi, akaandika jina la boti na tarehe, akaitia kwenye kopo. Makopo yenyewe ni ya maziwa ya unga aliyokunywa Seulgi utotoni, ambayo mama yake aliyaweka kwa sababu mtu hajui ya kesho. Mkewe alimuuliza siku moja ni ya nini. Alisema fundi lazima aone kazi yake. Jibu hilo halikumridhisha, lakini alianza kuyafuta vumbi.

Mwaka 2019 Seulgi alikwenda chuo cha ufundi Mokpo kusomea mashine za boti, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwenye mtihani wa vitendo mkaguzi mmoja alitazama jina na kijiji akasema, "Bang wa Dalmok? Wewe si binti wa yule aliyegeuza sili?" Binti alisimama akaweka sili zake mbele yake, mgongo kwa mgongo, akaomba maji, akazamisha, akaimba beti nne kwa sauti mbaya ile ile ya baba yake. Alipata alama za juu darasani. Alirudi na cheti Februari 2021, na usiku wa chakula cha kumkaribisha alimwambia baba yake, "Nimezifungua za kwenye makopo. Zote zimeliwa na kitu kimoja. Ulinidanganya." Marehemu aliinama juu ya supu yake ya mwani. "Ndiyo," alisema. "Ongeza wali." Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja.

Alianza kukohoa majira ya baridi ya mwaka 2022. Mwezi Mei 2023 hospitali ilisema ni mapafu, na kwamba walichelewa. Daktari alikuwa kijana mwangalifu. Aliuliza, "Baba, umewahi kufanya kazi na tindikali?" Marehemu alijibu, "Hapana." Mkewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amepakata koti lake. Daktari alimtazama na yeye pia. Hatusemi kilichomuua ni nini, kwa kuwa alivuta sigara miaka mingi na daktari hakusema. Tunasema tu kwamba aliulizwa, na jibu likawa lile lile.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Oktoba 2024. Mikono ilikuwa inatetemeka, hivyo Seulgi aliweka sili na yeye akakaa karibu na beseni, amefunikwa blanketi. Pumzi haikutosha kuimba. Aliuhesabu wimbo kwa kidole juu ya goti mpaka ubeti wa nne. "Haivuji," alisema.

Wiki ya mwisho alitaka kuzungumza habari ya makopo.

"Mama Seulgi, yale makopo yamwage baharini."

"Bahari imekukosea nini?"

Alicheka, na kicheko kikawa kikohozi. Alipopata pumzi akasema, "Basi nifukie nayo. Usiwaambie watu. Seulgi ataishi na nani hapa?"

"Nitaona," mkewe alimjibu.

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa kuwa aliishi naye miaka ishirini na saba na alijua kwamba "nitaona" si ahadi. Bang Du-yeol alifariki dunia nyumbani kwake Jumatatu tarehe 11 Novemba 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mlango wa nyuma wa karakana ulikuwa unagongwa. Aliyegonga hakujua.

Swali lake kuhusu Seulgi ndilo lililomkosesha mkewe usingizi siku hizi tatu. Alimuuliza binti mwenyewe. Binti alisema ameitwa Kinyume kwa ajili ya jambo ambalo si kweli, na hakuna jina watakalompa kwa ajili ya kweli litakalomwumiza zaidi. Basi mama ameyaandika haya, na binti anayasoma.

Nje ya mlango wa kanisa mmeona mashada. Kubwa kuliko yote ni la ushirika wa mwani, na utepe wake umeandikwa "Fundi mwaminifu wa Hwagok." Chini ya shada hilo kuna meza, na juu ya meza kuna makopo kumi na tisa. Hakuna jina la boti litakalosomwa hapa. Kila karatasi ina jina na tarehe kwa mwandiko wake, na kila mtu anajua tarehe ile alikuwa wapi na alimwaga nini. Mkitoka, kila mwenye boti achukue zake. Zitakazobaki mezani wakati jeneza linafika kaburini zitakwenda na feri ya saa tisa, mikononi mwa Seulgi, mpaka ofisi waliyotoka wakaguzi mwaka 2016.

Sili ya Daeseong haimo humo. Marehemu aliifunga kwa leso yake akaiweka kwenye droo ya kitanda, na haikuwahi kutoka. Mama Dong-jun, uliyekaa safu ya tatu karibu na dirisha: ni yako. Mumeo hakuuawa na haraka ya fundi, na fundi hakukuchukia kwa ile chumvi. Njoo siku yoyote. Supu itakuwa motoni.

Marehemu ameacha mjane, Tak Mi-ran, na binti mmoja, Bang Seulgi, fundi wa mashine za boti. Ameacha pia mama mkwe, mwenye miaka themanini na minne, ambaye bado anadai beseni lake. Karakana itafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Kibao kimesharudishwa juu. Mlango wa nyuma umepigiliwa misumari, na mwenye mashine ataingia kwa ule unaotazama gati.

Mungu naye ampokee Bang Du-yeol kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona, kisha ampumzishe.